Mkono Uliobeba Mlima

Saa kumi na dakika arubaini alasiri, siku ya Ijumaa, Bi Kusum Vallabhji alikunjua kitambaa alichokingoja miaka sitini na moja, akakitazama, akasema, "Hii si yetu."

Alisema kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili cha Unguja ambacho miaka yote ya kuishi Bhuj, India, haikukichujua. Kisha akaanza kukikunja tena, haraka haraka na macho chini, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mwenyewe ndani.

Ukumbini kwa Mwalimu Aflah, mtaa wa Azaiba, Maskati, palikuwa na watu wengine watano. Mwalimu mwenyewe, mwenye miaka sitini na saba, aliyesomesha kuchora skulini miaka thelathini. Mkewe, Muhsina. Mtoto wao, Loay, anayeuza vitu vya kale mtandaoni na kuiita kazi. Mazoon, mdogo wake wa kike Mwalimu, mstaafu wa polisi, kitengo cha alama za vidole. Na Nakabugo, msichana wa kazi kutoka Uganda, mwaka wake wa tatu humo nyumbani, amesimama na dele la kahawa asijue aende au abaki.

"Kaa kwanza, Bi Kusum," alisema Mwalimu Aflah. "Kunywa kahawa. Labda macho."

Nakabugo akamimina kwa mkono wa kulia, akampa mgeni kikombe kwa wa kushoto.

"Wa kulia, binti!" Mwalimu akamkemea. "Mara ngapi nikwambie? Dele kushoto, kikombe kulia. Mkono wa kushoto haupi mtu heshima."

"Samahani, Baba."

Bi Kusum hakuinywa kahawa. Aliomba aitiwe teksi imrudishe Hamriya kwa mpwawe, akaondoka bila ya kusema neno jengine.

Habari yenyewe kila mmoja pale aliijua. Mwezi wa Januari mwaka 1964, Vallabhji, baba yake Bi Kusum, muuza vitambaa wa Unguja, alimwachia rafiki yake Mzee Nasor, baba yao Aflah na Mazoon, picha ya ibada ya kwao. "Nitaifuata," alisema, asiweze kuifuata tena. Mzee Nasor aliibeba mpaka Maskati, akaiweka kwenye sanduku, na kila mwaka akiitoa mara moja kuipunga upepo. Mwaka 2015 alipokuwa anakata roho hakuzungumzia nyumba wala shamba. Alisema, "Picha ya watu irudishwe." Ikachukua miaka kumi kumpata Bi Kusum.

Mazoon akaikunjua juu ya zulia na kuipigia magoti. Ilikuwa kitambaa cha pamba, urefu wake mtu na nusu. Mlima wa kijani ulijaa kutoka pembe hadi pembe, na juu yake mahekalu meupe kumi na saba, kila moja na bendera yake, njia nyembamba ikipita baina yao kama uzi. Chini kulikuwa na mto, ng'ombe na tausi; juu, mawingu meusi yamebeba mvua. Katikati alisimama mungu wao, mtoto wa rangi ya buluu, mkono wa kulia juu, ameubeba mlima mzima kama mwavuli, na wanakijiji na mifugo wamejibanza chini wasirowe.

Akainama akanusa. Chai. Kitambaa kilikuwa kipya, kimetiwa rangi ya uzee kwa majani ya chai.

"Imenakiliwa," alisema. "Ya asili imeondoka."

"Imeibwa!" Muhsina akapiga mapaja. "Amana ya marehemu imeibwa ndani ya nyumba yangu! Na nani anaingia kila chumba humu? Nani ana kila ufunguo?"

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Macho yote yakamgeukia Nakabugo.

Hapa inafaa isemwe waziwazi, maana Mazoon mwenyewe hakujificha baadaye. Miaka ishirini na mbili aliwafundisha askari wapya kwamba upelelezi huanza na kitu kilichopotea, hauanzi na mnyonge aliye karibu. Ijumaa ile, saa kumi na moja na dakika tano, alianza na mnyonge. Aliingia chumba cha Nakabugo nyuma ya jiko, akalivuta begi chini ya kitanda, akalimwaga. Nguo za ndani, Biblia, mafuta ya nywele, picha ya mtoto mdogo aliyevaa sare ya shule, vyote sakafuni mbele ya Loay na baba yake.

Ndani ya Biblia mlikuwa na kipande cha kitambaa, ukubwa wa kiganja. Ng'ombe mweupe, pembe zake zimepakwa dhahabu. Pamba kuukuu, rangi za mawe, na kwenye pindo mstari wa hudhurungi uliopinda. Kilikuwa cha asili, hakina shaka.

"Hiki kimetoka wapi?"

"Niliokota kwa takataka, madam."

"Lini?"

"Mwaka jana. Baada ya ile mvua kubwa."

"Takataka za nani?"

Nakabugo akatazama sakafu. "Takataka tu."

"Kwa nini ukakiweka?"

"Ng'ombe alinipendeza. Kwetu tuko na ng'ombe wa pembe kubwa. Mimi si mwizi, madam. Wallah mimi si mwizi."

Muhsina alikuwa tayari kwenye simu na wakala wa wafanyakazi. Kesho saa kumi alasiri gari ingekuja kumchukua, na kwenye karatasi yake lingeandikwa neno moja: wizi. Kwa neno hilo hapati kazi nyumba yoyote tena, na kule kwao mtoto wa kwenye picha anavuliwa sare.

Mwalimu Aflah alisimama mlangoni muda wote, mikono nyuma.

Saa kumi na mbili na robo Mazoon alimweka Loay kitako kwenye gari lake, milango imefungwa.

"Sanduku la babu yako liko wapi?"

"Shangazi, si mlisikia? Liliingia mchwa, tukalitupa."

"Loay. Msaji, misumari ya shaba, miaka mia. Mchwa gani wa Azaiba hao?"

Kijana akajikuna shingo. "Nililiuza. Mama alitaka nafasi, wakwe wa dada yangu Aseel walikuwa wanakuja kuposa. Akasema litolewe. Nikawaambia mchwa. Wallahi nnaona haya."

"Lini?"

"Machi mwaka jana. Ujumbe ninao, tazama. Tarehe kumi na tisa."

"Na picha iliyokuwemo?"

"Haikuwemo. Nililikuta tupu, Shangazi, naapa. Nikadhani Baba kaipeleka benki."

Mazoon akatazama tarehe, akatazama picha za sanduku. Limefunguliwa, tupu, hata utando wa buibui halina. Loay alikuwa mwongo wa vitu vidogo, tena mwongo mbovu, na mkono wake haujawahi kuchora hata kuku akatambulika. Mahekalu kumi na saba yale hakuyachora yeye.

Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi, Mazoon alipanda ngazi za jengo la zamani Hamriya, juu ya duka la mashine za kushonea. Bi Kusum alimfungulia mwenyewe.

"Nlijua utakuja," alisema. "Baba yako naye hakuwa akilala na jambo."

"Bi Kusum, jana ulitazama mara moja tu. Ulijuaje?"

"Mie sitosema la kumtia mtu aibu katika nyumba niliyokaribishwa."

"Kuna msichana anarudishwa kwao leo saa kumi kwa jina la mwizi."

Bi Kusum akaenda kabatini, akarudi na bahasha. "Sitosema. Lakini macho unayo. Tazama mwenyewe."

Ilikuwa picha ya kamera ya mwaka 1963. Vallabhji na Mzee Nasor, vijana, wamekaa dukani magoti yamegusana, na ukutani nyuma yao imetundikwa ile picha ya mlima. Mazoon alitoa kioo cha kukuzia. Akahesabu mahekalu: kumi na saba. Akafuata njia: ileile. Bendera zote zinapepea upande uleule. Akafika katikati, akasita.

Mtoto wa buluu alikuwa ameubeba mlima kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameuweka kiunoni, hana wasiwasi.

"Huenda picha imesafishwa kinyume," alisema Mazoon, akijibishana na nafsi yake. Akasogeza kioo pembeni. Kwenye kalenda ya ukutani tarakimu zilisomeka sawasawa. Haikugeuzwa.

"Ni wa kushoto siku zote?"

"Siku zote. Kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, siku saba, mpaka mvua ikaona haya ikakoma. Mtoto wa kwetu wa miaka mitatu analijua hilo. Mama yangu akiniamsha alfajiri ananionesha: tazama, hata mkono wake wa kazi hakuuchosha."

Mazoon akashusha kioo. Moyo wake ulikuwa umeshafika mahali ambapo miguu haikutaka kwenda.

"Bi Kusum, nakuomba uje Azaiba saa nane na nusu."

"Ili nione nini?"

"Ili usikie. Mwenye amana ni wewe."

Saa saba kasoro dakika ishirini alikuwa kwenye stoo ya nje ya nyumba ya kaka yake, karibu na gereji. Ukuta ulipakwa rangi mpya mpaka usawa wa kiuno, na juu ya hapo ni rangi ya zamani. Akasogeza ndoo zilizorundikwa kwenye pembe, na pale ambapo mpakaji aliona uvivu kufika akakuta mstari wa hudhurungi, sentimita hamsini kutoka chini. Maji ya mvua za Aprili mwaka jana. Akakiweka kipande cha ng'ombe kando yake. Mstari wa kwenye pindo lake ulikuwa rangi hiyohiyo, matope yaleyale.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jana alimwaga begi la mtu kwa dakika moja. Leo alikaa dakika kumi kabla ya kuweza kunyanyuka.

Saa nane na nusu wote walikuwa ukumbini. Begi la Nakabugo lilikuwa karibu na mlango, zipu imeshindwa kufunga kwa vile lilivyojazwa ovyo. Mwenyewe alisimama. Hakuna aliyemwambia akae.

"Nnataka kusema jambo moja kisha jengine," alianza Mazoon. "Hakuna mwizi humu."

"Na kitambaa kwenye Biblia?" Muhsina akadakia.

"Wifi, nisikilize. Aliyenakili picha hii hakukosea hekalu hata moja wala bendera. Alikuwa nayo ya asili mbele yake. Lakini alikosea mkono wa mungu. Ya asili ni kushoto, hii ni kulia. Mtu anapatia mahekalu kumi na saba madogo, halafu anakosea kitu kikubwa cha katikati? Vipi?"

Loay akajibu polepole, "Kama katikati hapakuonekana."

"Ahsante. Mlima ulionekana, katikati palikuwa pamefutika. Rangi hizi za gundi adui yake ni maji. Picha ilikunjwa, ikasimamishwa, mkunjo wa katikati ukawa chini, ukanywa maji. Sanduku lilikuwa tupu tarehe kumi na tisa Machi. Mvua ilikuja Aprili. Mstari wa maji uko stoo mpaka leo, na uko kwenye pindo la huyu ng'ombe. Picha haikuibwa. Ilitolewa sandukuni ikafichwa stoo, ikaharibika, ikatupwa. Nakabugo alisema kweli tangu jana."

Bi Kusum alikuwa akitazama mikono yake.

"Aliyebaki na pengo katikati akalijaza kwa kichwa chake," Mazoon aliendelea. "Si Mhindu, huyo asingekosea. Si Nakabugo, yeye jana alimpa mgeni kikombe kwa mkono wa kushoto na wala hakuona kitu. Ni mtu ajuaye kuchora, ambaye akifikiria heshima, mkono wa kushoto haumpitii kichwani hata siku moja. Anamkemea mtu kwa ajili ya kikombe. Kaka Aflah, nisaidie. Usiniache niseme mimi."

Mwalimu Aflah alivua kofia, akaiweka juu ya goti. Kwa mara ya kwanza Muhsina aliona jinsi nywele za mumewe zilivyokwisha.

"Niliona haya," alisema.

"Haya ya nini?" mkewe akauliza.

"Wakwe wa Aseel ni watu wa dini, mwajua. Sanduku lilikuwa hapahapa ukumbini. Nikasema, wakitaka kuona vitu vya kale vya Unguja, wakifungua, wakakuta masanamu nyumbani kwangu, watasemaje? Baba yangu aliitoa kila mwaka, mlango wazi, majirani wanapita, hakuona haya. Mimi nikaona haya. Nikaipeleka stoo kwa wiki moja. Wiki ikawa mwezi, mvua ikaja."

"Kwa nini usiseme?"

"Nilikusudia. Kila siku nikasema kesho. Halafu nikasema, nitaichora upya, mkono wangu unaweza. Miezi sita, chumba cha juu darini, ninyi mkidhani nnalala mchana. Mlima niliupata. Yeye hakubaki, isipokuwa rangi ya buluu imetapakaa tu." Akamgeukia Bi Kusum, asimtazame usoni. "Nilipofika kwake nikasoma astaghfirullahi. Lakini nikasema, huyu ni mtukufu wa watu, nimpe mkono wa heshima. Sikujua. Picha ilikuwa nyumbani tangu utoto wangu, na sikuwahi kuitazama."

"Mimi nilijua," alisema Bi Kusum. "Jana ile ile. Nlipoona mkono wa kulia nikasema, hii kaichora Muislamu, tena kaichora kwa adabu. Ndiyo nikaondoka upesi. Niliogopa nikikaa utalazimika kusema."

"Ulinisitiri."

"Nlikusitiri wewe. Sikujua kuwa kuna mtu anavuliwa ili wewe ufunikwe."

Hapo ndipo wote walipomtazama Nakabugo, na ikawa wazi kwamba tangu saa nane na nusu walikuwa wanamzungumza yeye bila ya kuzungumza naye.

"Ulijua?" Mazoon akamuuliza. "Ulijua ni takataka za nani?"

Nakabugo alijibu polepole. "Nilimwona Baba kwa stoo, siku ya maji. Amekaa kwa maji, kitambaa kwa mapaja, analia. Kwetu ukiona mzee analia unaangalia pembeni. Huendi kusema. Nilifikiri jana atasema mwenyewe." Akamgeukia Mwalimu. "Nilingoja, Baba. Madam akimwaga nguo zangu, nilikuangalia. Ulikuwa hapo kwa mlango."

Mwalimu Aflah alijifunika uso kwa mikono yote miwili. "Nilikuona ukinitazama," alisema ndani ya viganja. "Wallahi nilikuona."

Muhsina alianza kulia, na haikujulikana analilia lipi. "Nitampigia wakala asije. Nakabugo, mama, utabaki. Nitakuongezea siku ya mapumziko, nitaku..."

"Hapana, Mama. Gari likuje. Niende kwa wakala, anitafutie nyumba ingine." Hakusema kwa hasira, na bora angesema kwa hasira. "Lakini nataka karatasi. Baba aandike. Aandike mimi si mwizi, na aandike nani alificha. Kwa jina."

Ilikuwa imebaki saa moja gari lifike. Mwalimu Aflah alikaa mezani akaandika kwa Kiarabu, kisha Kiingereza, kwa mwandiko ule mzuri uliosomesha nusu ya vijana wa Maskati. Alipofika kwenye jina lake kalamu ilisimama. Mficha uchi hazai, wazee walisema, na yeye alikuwa ameuficha mwaka na nusu. Akaliandika jina lake kamili, la baba yake na la babu yake, akatia saini.

Mazoon naye alilifuata begi lililokuwa mlangoni, akalifungua zipu, akapiga magoti.

"Madam, wacha."

"Nililimwaga mimi."

Akatoa nguo moja moja akazikunja, za ndani kwa za nje, mbele ya watu walewale aliozimwaga mbele yao. Picha ya mtoto akaiweka juu kabisa isipate mkunjo. Uso ulimwaka moto mpaka masikioni, na hakuna aliyemsaidia, wala hakutaka asaidiwe.

Saa kumi kamili honi ililia nje. Nakabugo alitia karatasi kifuani, akachukua begi kwa mkono wa kulia. Akafika mbele ya Bi Kusum, akakumbuka, akafungua Biblia kwa kidole gumba na kutoa kile kipande. Ng'ombe mweupe, pembe za dhahabu: kitu pekee kilichosalia cha amana ya Mzee Nasor.

"Hii ni yako, nyanya. Samahani nilikaa nayo."

Alimpa kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na begi. Mwalimu Aflah aliona. Midomo yake ikafunguka kwa mazoea ya miaka thelathini, kisha akaifunga, akainamisha kichwa.

Bi Kusum alikipokea kwa mikono yake yote miwili, akakigusisha kwenye paji la uso.

"Hii," alisema, "ndiyo yetu."